Vitabu vya bure vya kufundishia watoto nyumbani: maswali yenu na majibu

Barua za safari hii karibu zote zimekuja na jambo moja, wazazi mnataka kuwafundisha watoto nyumbani na hela ya vitabu haitoshi. Nimechagua chache, zilizofanana nimeziunganisha. Niseme mapema tu kwamba vya bure vipo vingi kuliko mtu anavyoweza kusoma maisha yake yote, kwahiyo ugumu hauko kwenye kuvipata, uko kwenye kuchagua vichache na kukaa na mtoto mvisome.

Habari za kazi dada. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Morogoro huku vijijini, mkubwa ana miaka 10, wa pili 8, mdogo 5 hajaanza shule maana ni mbali. Jioni nawakalisha wote nawafundisha mwenyewe. Nina simu tu na bando la kuungaunga. Nasikia kuna vitabu vya bure mtandaoni, ni kweli au ndo zile linki za kitapeli? Nikitafuta yananijia ya Kiingereza matupu.

Ni kweli dada yangu, na hongera sana kwa kuwakalisha jioni baada ya kazi za shamba, hilo peke yake wengi limetushinda.

Anza na African Storybook. Ni mradi wa shirika la Saide la kule Johannesburg, ulizinduliwa 2014, una hadithi fupi za picha kwa lugha nyingi sana za Afrika na Kiswahili kimo tena kwa wingi. Uzuri wake hadithi zimepangwa kwa ngazi, kuna za maneno ya kwanza, yani picha moja na neno moja au mawili, hizo ndo za huyo wa miaka 5, halafu zinapanda, sentensi fupi, aya fupi, aya ndefu, mpaka za mtu mzima kumsomea mtoto. Wa miaka 8 muanzishie ngazi ya chini kidogo ya pale unapodhani yupo, asome vizuri ajisikie anaweza, halafu mpandishe. Hadithi unaidaunlodi mara moja kama pdf, ikishaingia kwenye simu haikuli bando tena, na pia wana programu yao ya simu ya kusomea bila intaneti.

Ndugu yake huyo ni StoryWeaver ya Pratham Books, shirika la India, wao walianza 2015. Utakuta watoto wa Kihindi kwenye picha, sari na riksho, na maneno ya Kiswahili chini. Watoto hawana shida na hilo kabisa, wanauliza maswali mengi na maswali ndo tunayoyataka. Ila kagua Kiswahili kabla hujasoma kwa sauti maana watafsiri ni wengi na si wote wako sawa, ukikuta sentensi imekaa vibaya isome wewe kwa namna mnavyosema nyumbani.

Kuhusu mkubwa, yeye ana mtaala wa kufuata. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yake, unajisajili unasoma vitabu vya kiada bure. Angalia tu mtaala ulioandikwa kwenye kitabu, maana mtaala ulioboreshwa ulianza 2024 kwa baadhi ya madarasa na vitabu vya zamani bado vinazunguka, usije ukamfundisha kitu ambacho darasani kwake hakipo.

Sasa bando. Ukienda mjini na ukapata sehemu yenye wifi, daunlodi hadithi kama ishirini hivi za ngazi mbalimbali, inatosha kabisa kwa muda mrefu kwasababu mtoto mdogo hadithi moja anataka irudiwe na kurudiwa, na kila akirudia anasoma herufi zaidi na kubahatisha kunapungua. Chache nyingine printi steshenari. Mwambie kijana wa pale akuprintie kwa mtindo wa kijitabu, kurasa mbili kila upande wa A4, unakunja katikati unapiga pini, karatasi mbili tu zinakutolea kitabu cha kurasa nane. Hiyo ni halali, nitaeleza kwanini kwenye jibu linalofuata. Na kama nyumbani mnaongea Kiluguru, hadithi za African Storybook unaruhusiwa kuzitafsiri, hata kwa kuandika kwa kalamu chini ya maneno ya Kiswahili. Bibi yao akae nao siku moja wafanye hiyo kazi pamoja.

Mimi ni baba wa watoto wawili hapa Nairobi. Nimeanza kuprinti hadithi za bure kwa ajili ya wanangu na majirani wameanza kuniomba, sasa nafikiria nizichapishe niuze kwa bei ya chini kwenye kioski changu. Pia watu wananitumia pdf za vitabu vya shule kwa WhatsApp. Je naruhusiwa? Na vitabu vya Shaaban Robert si ni vya zamani, viko huru?

Kaka umeuliza jambo ambalo watu wengi hawaulizi, wanaprinti tu. Neno bure linabeba vitu vitatu tofauti na inabidi uvitenganishe.

Kuna vitabu ambavyo hakimiliki yake imeisha. Hivyo ni mali ya umma, unasoma, unaprinti, unauza, unatafsiri, unabadilisha, huombi mtu ruhusa. Kwa sheria ya Kenya ya 2001, na ya Tanzania ya 1999 vilevile, haki ya mwandishi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya ni miaka 70. Marekani wana hesabu yao nyingine, lakini kilichochapishwa kabla ya 1930 huko kwao kiko huru.

Halafu kuna vitabu ambavyo mwenyewe yupo hai na haki anayo, ila ameamua kutoa ruhusa mapema kwa leseni za Creative Commons. African Storybook na StoryWeaver wako hapa. Ukurasa wa mwisho wa hadithi utaona herufi. BY maana yake taja walioandika na waliochora. NC maana yake usifanyie biashara. ND usibadilishe, hata kutafsiri hapana. SA ukibadilisha na wewe toa kwa ruhusa ileile. Kwahiyo kwa kioski chako: hadithi yenye BY peke yake unaweza kuiuza ukiacha majina yote ya waandishi na wachoraji mahali pake, yenye NC gawa bure tu usiuze. Nyingi za African Storybook ni BY lakini si zote, fungua kila moja uangalie.

Tatu ni vya bure kusoma tu. Maktaba za taasisi za mitaala, vipindi vya watoto YouTube, hivyo unatumia na mtoto wako basi, si vyako kuprinti na kuuza.

Hizo pdf za WhatsApp za vitabu vya shule vinavyouzwa sasa hivi haziko kwenye fungu lolote kati ya hayo matatu. Ni vitabu vya watu, kuna mwandishi na mchoraji wanakula hapo, na waandishi wa Kiswahili wenyewe ni wachache na wanahangaika. Naomba sana usivitie kwenye kioski. Nalisema kwa uchungu kwasababu kila mtu analalamika hatuna vitabu vizuri vya watoto kwa Kiswahili na wakati huohuo tunawakatia riziki wanaoviandika.

Shaaban Robert alifariki 1962. Ukihesabu miaka 50 inaishia mwisho wa 2012, kwa hesabu hiyo maandishi yake mwenyewe hapa kwetu muda umepita. Lakini toleo ulilonalo mkononi lina dibaji ya mtu mwingine, maelezo, michoro, jalada, hivyo vina wenyewe na huwezi kupiga fotokopi kitabu kizima kama kilivyo. Kusoma na watoto soma bila wasiwasi. Kabla ya kuchapisha cha kuuza, nenda KECOBO, ofisi ya hakimiliki ya Kenya, uwaulize, na ndugu zetu wa Tanzania waulize ya kwao, COSOTA.

Dada salama? Tunaishi Columbus, Ohio, watoto wangu wana miaka 7 na 11 na nimeamua kuwasomesha nyumbani. Wamama wenzangu wa hapa wananiambia vitabu vya zamani vya bure, McGuffey, Ray, Charlotte Mason. Ni vizuri? Shida yangu nyingine wanangu Kiswahili wanasikia lakini hawasomi.

Wamama wenzako hawajakudanganya, na bahati nzuri uko hapohapo vilipozaliwa. Visomeo vya McGuffey vilianza kutoka 1836 Cincinnati, mwendo wa masaa mawili hivi kwa gari kutoka kwako, na Joseph Ray wa hesabu naye alikuwa mwalimu Cincinnati. Vyote viko kwenye maktaba za bure za mtandaoni, Project Gutenberg au Internet Archive. Gutenberg ndo maktaba kongwe ya namna hii, Michael Hart aliianza 1971 kwa kuchapa Azimio la Uhuru la Marekani kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Illinois, leo ina vitabu zaidi ya 70,000.

Maoni yangu kwa kila kimoja. McGuffey cha kwanza na cha pili ni vizuri kwa wa miaka 7, maneno mafupi, yanapanda taratibu, sauti za herufi zinarudiwa mpaka zinakaa. Vya juu ni mahubiri mengi, chagua vipande. Ray ni mzuri sana kwa hesabu za kichwani, maswali mafupi ya kusoma kwa sauti na mtoto anajibu bila karatasi, ila baadhi ya vipimo vyake ni pishi na vibaba vya Kizungu vya enzi hizo ambavyo hata Mmarekani wa leo havitumii, ruka hizo kurasa. Kwa kitabu kikuu cha hesabu cha huyu wa miaka 11 mimi nisingemtegemea Ray, tafuta cha kisasa, tovuti ya masomo ya Khan Academy ni bure na inapanda darasa kwa darasa.

Charlotte Mason ndo ningekuomba umsome wewe mzazi mwenyewe. Alikuwa mwalimu Mwingereza, aliishi Ambleside, kitabu chake cha kwanza cha malezi na masomo ya nyumbani kilitoka 1886, akafariki 1923, kwahiyo kazi zake zote zilizotoka akiwa hai ziko huru. Anasema masomo ya mtoto mdogo yawe mafupi, robo saa au dakika ishirini halafu badilisha, mtoto atoke nje kila siku, na kikubwa zaidi, ukishamsomea kitu mara moja mwambie akusimulie kwa maneno yake. Usimuulize maswali ya kumtega, asimulie tu. Ukifikiria hiyo ni hadithi hadithi, hadithi njoo, watoto wetu walikuwa wanasikia kwa bibi leo kesho wanasimuliana wenyewe. Kwahiyo hilo lifanye kwa Kiswahili. Watoto wanaosikia lugha bila kuisoma wanahitaji sana kusimulia, mdomo ukifunguka kusoma kunafuata.

Kitabu ninachokupendekezea kwa hilo ni Swahili Tales cha Edward Steere, London 1870. Steere alikuwa mmisionari Zanzibar, baadaye askofu, alizikusanya hizo hadithi kwa wenyeji akazichapa Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaotazamana nao. Mle kuna punda wa dobi, kuna Sultani Darai na yule paa wake, kuna habari ya Liongo. Yeye alifariki 1882, kitabu kiko huru dunia nzima, tafuta Internet Archive. Tahajia ni ya kabla ya Kiswahili sanifu kuwekwa sawa miaka ya 1930, utakuta herufi zimerudiwa na maneno yameunganishwa kwa namna nyingine, wewe soma kama unavyotamka na huyo mkubwa mpe kazi ya kunakili aya moja kwa tahajia ya leo. Ni zoezi zuri sana la mwandiko na lugha kwa pamoja. Halafu Gutenberg kuna Zanzibar Tales ya George Bateman, Chicago 1901, hadithi kumi za Kiingereza za asili hiyohiyo, michoro mingi, na hiyo asome mwenyewe.

Pia kuna Storybooks Canada, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha British Columbia, wamechukua hadithi 40 za African Storybook wakaziweka kwa lugha nyingi na Kiswahili kimo, mtoto anabadilisha lugha palepale kwenye hadithi ileile. Kwa watoto wako hiyo ni dawa.

Onyo moja na nalisema kwa mkazo. Vitabu vya zamani vya jiografia na historia, vya Marekani na vya Uingereza, vina maneno ya kuumiza kuhusu watu weusi, vinatuita washenzi, vina picha za kutudhalilisha. Hata kwenye vitabu vya hadithi za kawaida linatokea tu ghafla katikati ya ukurasa. Usimpe mtoto kitabu cha zamani hujakipitia. Wa miaka 11 unaweza kukaa naye mkaongea kwanini waliandika hivyo, wa miaka 7 mkinge. Historia na jiografia ya Afrika tumia vya kisasa, hapo usitafute cha bure cha 1880.

Mwanangu, mimi ni bibi nipo Muscat, wajukuu wananijia kila Ijumaa. Macho yangu hayasomi vizuri sikuhizi. Kuna vya kusikiliza?

Shikamoo bibi. Vipo. LibriVox ni watu wa kujitolea duniani kote, tangu 2005 wanasoma vitabu vilivyo huru na kurekodi, na sauti zenyewe nazo wamezitoa ziwe mali ya umma. Kiingereza kipo kingi, Kiarabu kipo, Kiswahili ndo haba. Kwa wadogo wa miaka mitatu mpaka sita mwombe mmoja wa wazazi awafungulie Akili and Me ya Ubongo, ni kazi ya Watanzania, iko YouTube, nyimbo na herufi na namba kwa Kiswahili safi.

Lakini bibi mimi nakuomba kitu. Zile hadithi unazozijua wewe za nyumbani Unguja au Pemba au Mombasa, waambie wakurekodi kwa simu ukiwa unasimulia, na vitendawili vyote. Mjukuu mmoja anayejua kuandika akusikilize aandike. Hicho hakuna maktaba yoyote inayo.

Sayansi tunafanyaje? Niko Kigoma, intaneti inakuja na kuondoka, nina laptopu ya zamani na watoto wa darasa la sita na kidato cha pili.

Laptopu ya zamani inatosha. Weka Kiwix, ni programu ya bure inayobeba Wikipedia nzima ndani ya kompyuta bila intaneti, ya Kiswahili ni faili dogo tu, ya Kiingereza kuna matoleo yaliyopunguzwa. Mtu wa mjini akudaunlodie kwenye flashi akuletee, ukishaweka imekaa. Kuna Kolibri pia ya Learning Equality, hiyo imetengenezwa makusudi kwa sehemu zisizo na intaneti, unapakia masomo ya Khan Academy na mengine humo.

Kwa kidato cha pili tafuta majaribio ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Mtoto anaunganisha betri, waya na taa kwenye skrini anaona umeme unavyopita, anabadilisha anaona kinachotokea, baadhi yametafsiriwa Kiswahili na mengi unaweza kuyahifadhi ukatumia bila mtandao. Akiyamaliza mpe betri ya tochi, waya na balbu ndogo afanye kweli. Vitabu vya Siyavula vya Afrika Kusini vya hisabati na fizikia vina leseni huria, ni vya madarasa ya juu, atavifikia. Picha za sayari na za dunia kutoka angani za NASA kwa kawaida hazina hakimiliki, printi moja kubwa ya ziwa lenu la Tanganyika muweke ukutani.

Binti yangu ana miaka 14, tuko Mombasa, anasema hadithi za sungura ni za watoto. Anapenda kusoma sana lakini kila kitu anasoma Kizungu. Nimpe nini cha bure cha Kiswahili?

Mpe Safari za Wasuaheli, kilichapishwa 1901 na Mjerumani Carl Velten, ni Waswahili wenyewe wanaeleza safari zao. Mmoja wao ni Salim bin Abakari, Mngazija, mwaka 1896 alifuatana na bwana wake Mjerumani mpaka Urusi na Siberia, akaandika aliyoyaona kwa Kiswahili. Binti wa miaka 14 anayedhani lugha yake ni ya sungura na fisi akutane na Mswahili kwenye baridi ya Siberia zaidi ya miaka mia iliyopita, anaeleza kwa macho yake mwenyewe, hatakiweka chini. Baada ya hapo Desturi za Wasuaheli, 1903, Velten huyohuyo ndiye aliyechapisha lakini mwandishi mkuu ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mambo ya kuzaliwa mpaka kuzikwa, kuna sehemu za unyago na mambo ya wakubwa, pitia wewe mama kwanza uamue. Vyote tahajia yake ni ya huyo Mjerumani, kurasa za mwanzo zitamsumbua kisha atazoea.

Akipenda ushairi, Mwana Kupona aliutunga utenzi wake 1858 kwa ajili ya bintiye, Kiswahili cha kaskazini, mtahitaji kusoma pamoja na mtu mzima anayekijua, na nyie Mombasa hamkosi. Muulizeni bibi wa jirani. Atazikubali beti nyingine na atabishana na nyingine, hasa zile za mke na mume, mwache abishane, aandike majibu yake. Na methali za Kimvita alizokusanya W. E. Taylor zilitoka 1891, kitabu chembamba cha kusoma popote, kinaitwa African Aphorisms. Ukivitafuta Internet Archive andika jina la aliyechapisha na mwaka, Velten 1901, Velten 1903, Taylor 1891, maana ukiandika Kiswahili peke yake hutaviona, na faili zake ni nzito kwasababu ni picha za kurasa, zidaunlodi usiku kwenye wifi.